Mume Aliyejitoa kwenye Kadi ya Mkewe

Kwa miaka tisa Mwalimu Mayige alitibiwa kwa bima ya mkewe, na kwa miaka yote tisa hakuitaja mbele za watu. Akienda hospitali kuchukua insulini, aliitoa ile kadi mfukoni kama mtu anayetoa leso chafu, akaipitisha chini ya kioo cha dirisha la mapokezi na kuangalia pembeni. Kadi iliandikwa jina la kampuni ya pamba, kisha jina la Nyanjige, mwanachama, na chini kabisa jina lake yeye, mwenza. Nyumbani aliiita kadi ya mbegu.

"Ile kadi yenu ya mbegu iko wapi?" aliuliza kila mwisho wa mwezi, dawa zilipokaribia kwisha.

Nyanjige alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha kuchambua pamba, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Alianza kama kibarua wa kufagia mbegu, Kija, binti yake wa kwanza, akiwa bado ananyonya. Mameneja wanne walikuja na kuondoka, yeye na funguo zake wakabaki. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kikohozi cha vumbi la pamba kisichoisha na ulimi ambao madereva wa malori waliujua vizuri. Hakuna spana, hakuna galoni ya mafuta, hakuna hata kipande cha sabuni kilichotoka stoo bila mtu kuweka sahihi.

Mayige alikuwa na shahada ya ualimu, somo la historia, na hakuwa na ajira. Alifundisha kwa kujitolea katika shule ya kata, na kila serikali ilipotangaza nafasi alituma maombi. Nyanjige hakumdharau kwa hilo. Vijana wenye vyeti vizuri kuliko vyake walikuwa wanaendesha bodaboda pale stendi. Alichokidharau ni ile tabia yake ya kula kwenye sahani ya mtu huku akizungumza kama ndiye mwenyeji. Wageni wakija, Mayige ndiye aliyesema "nyumba yangu", "ng'ombe wangu", "nimempeleka mtoto shule". Nyanjige alikaa jikoni akapepeta mchele, akamsikiliza mumewe akiwa tajiri.

Mwaka juzi, mwezi wa tano, jina la Mayige lilitoka kwenye orodha ya ajira. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na alipangiwa sekondari moja kule Kimali, wilaya ya Meatu. Siku hiyo alilipeleka lile tangazo nyumba kwa nyumba kwenye simu yake, mpaka kwa watu ambao hawakuwahi kumsalimia.

Sherehe ilifanyika Nkololo, kwa mama yake. Mbuzi wawili walichinjwa, wote wa Nyanjige. Baada ya watu kushiba, Mayige alisimama, akafunga vifungo vya koti.

"Ndugu zangu, kuanzia leo mimi ni mtumishi wa umma. Serikali ina bima yake. Mke wangu, watoto wangu na mama yangu mzazi watatibiwa kwa jina la Mayige. Ile kadi ya mbegu nawarudishia wenyewe!"

Vigelegele vilipigwa. Mama yake, Bibi Milembe, ambaye jicho lake la kushoto lilikuwa limezibwa na mtoto wa jicho, alilia kwa furaha na kuwaambia waliokaa naye mkekani kwamba sasa atafanyiwa upasuaji, atatunga uzi kwenye sindano kama msichana.

Nyanjige alikuwa amesimama na sinia la nyama.

"Unairudisha lini?" aliuliza.

"Wiki hii hii."

"Ya serikali umeshaipata?"

Vicheko vikapungua. Mayige akatabasamu lile tabasamu lake la kuwaonyesha wageni. "Mama Kija, mambo mengine hayaulizwi mbele za watu."

"Nauliza kwa sababu sindano zako ni mbili kwa siku, Baba Kija. Si mbili kwa mwaka."

Jumatatu yake Nyanjige alipita kwa Anyes, afisa utumishi wa kiwanda, mwanamke aliyetoka Bukoba na ambaye hakupenda maneno mengi. Alimweleza. Anyes akavua miwani.

"Dada, kumtoa mwenza kwenye bima ni dakika tano. Kumrudisha ni mpaka mkataba uanze upya, mwezi wa kwanza mwakani. Mwambie aishike kadi ya serikali mkononi kwanza, aende nayo hospitali, wampe dawa, ndipo alete barua. Mtu kuwa na kadi mbili kwa miezi michache si dhambi."

Nyanjige alimfikishia mumewe maneno hayo kama yalivyo. Mayige alikuwa anapiga pasi shati la kuripotia kazini.

"Huyo anajua pamba. Anajua nini kuhusu utumishi wa umma?" alisema. "Mimi nikionekana Kimali nimeandikwa mwenza wa mtunza stoo, wanafunzi wataniheshimu?"

"Wanafunzi wataiona wapi kadi yako?"

"Watu huona."

Akaenda stationari, akachapisha barua yenye kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, akaileta imekunjwa ndani ya bahasha kama barua ya posa. Nyanjige aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Kisha akasema, "Chapisha nakala ya pili. Weka sahihi kwenye zote mbili, na tarehe."

"Ya nini?"

"Ndivyo ninavyofanya kazi."

Mayige aliweka sahihi kwa madaha, akavuta ule mkia wa herufi ya mwisho mpaka pembeni mwa karatasi.

Anyes alipoipokea alimwangalia Nyanjige usoni. "Naweza kuiweka kwenye droo," alisema polepole. "Ikae. Nani atajua?"

Nyanjige alifikiria. Angeweza kukubali. Lakini miaka tisa ya kuambiwa kadi yake ni ya mbegu ilimpanda kifuani yote kwa pamoja. "Mtu mzima amesema atoke," alijibu. "Atoke."

Na Mayige akatoka.

Kule Kimali mkuu wa shule alimpa fomu ya bima siku ya tatu tu. Akamwambia ajaze jina lake na kubandika picha yake, aitume. Mke na watoto angewaongeza baadaye, kwa sababu mke alihitaji cheti cha ndoa. Hapo palikuwa na tatizo. Mayige na Nyanjige walioana kwa ng'ombe. Ng'ombe kumi na wawili waliswagwa kutoka Nkololo mpaka Kiloleli, kwa wazazi wa Nyanjige, wakahesabiwa, ngoma ikapigwa, basi. Karatasi haikuandikwa. Kwenda kusajili ndoa ile wilayani ilikuwa safari ya siku moja na maelezo ya nusu saa.

Mayige hakwenda, na fomu hakuituma. "Familia yangu haiingii kwa mafungu," alimjibu mkuu wa shule. Alitaka kadi zitoke zote siku moja, azipeleke Nkololo kwenye bahasha, azigawe mbele ya watu akiita majina. Basi fomu ikakaa kwenye mkoba, imejazwa kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, mahali pa mwenza pakiwa peupe. Mkoba ukaenda darasani, ukarudi. Ukaenda mnadani, ukarudi.

Nyanjige alipiga simu kila Jumapili.

"Sindano?"

"Zipo."

"Kadi?"

"Inachapwa, Mama Kija. Mambo ya serikali yana taratibu zake, si kama huko kwenu."

Sindano hazikuwa za kutosha. Akiba aliyotoka nayo Bariadi ilikaribia kwisha mwezi wa nane. Kununua kulitaka aende Mwanhuzi, makao makuu ya wilaya, asimame dirishani kama mtu yeyote na atoe pesa taslimu, wakati shule nzima ilikuwa imeshasikia habari za bima yake. Kumwomba mkewe ndiyo kabisa hakuweza. Kwa hiyo alianza kuukopa mwili wake mwenyewe: sindano mbili zikawa moja, moja ikawa ya kuruka siku, na vichupa vilipokauka akahamia kwenye unga wa majani machungu uliouzwa mnadani na jamaa mwenye kipaza sauti, aliyedai unga huo unatibu sukari, presha, nguvu za kiume na kesi za mahakamani. Mtu mwenye shahada ya historia aliukoroga kwenye maji ya moto, akanywa.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, saa sita mchana, Nyanjige akiwa anapokea nyaya za kufungia marobota, simu yake iliita. Aliyepiga alikuwa Luhende, mwalimu wa hesabu aliyepanga nyumba moja na Mayige.

"Shemeji, mwalimu anatapika tangu jana. Anapumua kama mtu aliyetoka kukimbia, na mdomo wake unanukia kama matunda yaliyooza. Zahanati wamemwekea dripu, wamesema tumkimbize hospitali. Tumekodi gari, tunakuja huko Bariadi."

Nyanjige alifunga stoo mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaacha lori zima limesimama uani.

Hospitalini walimpokea Mayige kwa haraka, wakamshughulikia kwanza. Sukari ilikuwa imepanda mpaka kile kipimo kidogo cha kidole kikashindwa kuonyesha namba. Alikuwa amekauka midomo, macho yameingia ndani, hajui kama yuko Kimali au Bariadi. Baada ya dripu ya pili msichana wa mapokezi ndipo alipouliza, kwa upole, "Mama, mgonjwa ana bima?"

Nyanjige akamtajia namba ya uanachama wake. Msichana akabonyeza, akatikisa kichwa. "Huyu aliondolewa mwezi wa sita."

"Najua."

"Ana nyingine?"

Luhende, mtu mwema asiyejua kuficha, akafungua ule mkoba. Akatoa fomu, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Msichana akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma.

"Hii ni fomu, mwalimu. Haijapelekwa popote."

"Mwandiko wake si unauona ulivyo mzuri," alisema Nyanjige. "Nitalipa taslimu."

Alilipa kwa akiba aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mabati ya chumba cha watoto. Hakulalamika. Alikwenda kukaa peke yake kwenye benchi nje ya wodi. Hapo aliona waziwazi kwamba siku ile alipompa Anyes barua, alijua. Hakujua siku wala saa, lakini alijua ni mtu wa namna gani anayeachiwa shingo yake mwenyewe. Alikuwa na hasira, na hasira ilikuwa ya haki, na bado miguu iliyopeleka ile barua ilikuwa yake. Jambo hilo hakumwambia mtu.

Siku ya tatu Mayige alikuwa ameamka vizuri, anakunywa uji usio na sukari na kuwaeleza manesi kwamba yeye ni mtumishi wa umma. Mchana Bibi Milembe akafika kutoka Nkololo, ameshikwa mkono na mjukuu wake Kija. Nyanjige alisimama kumpokea.

"Mwadila mayu," alimsalimu mama mkwe kwa Kisukuma, akapiga goti.

Bibi hakuitikia. Alimpapasa mwanawe usoni kwanza, shavu hadi shavu, kisha akageuka na jicho lake moja.

"Nimeambiwa umemfuta mwanangu! Nimeambiwa jina lake ulilitoa kwenye matibabu kwa mkono wako! Ng'ombe kumi na wawili tulitoa tukaleta nyumbani mwanamke wa kumfuta mume wake?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee aliyevunjika mguu, akajiinua kwenye kiwiko asikie vizuri.

Nyanjige alimwacha mkwewe, akageukia kitanda. Alimwangalia Mayige. Alimpa nafasi, alihesabu pumzi zake mwenyewe, moja, mbili, tatu, nne. Neno moja lingetosha. Mayige akafumba macho, akajifanya usingizi umempitia.

Baadaye Nyanjige alisema angeweza kumsamehe kiburi, angeweza kumsamehe uongo wa Jumapili, hata unga wa mnadani. Yale macho yaliyofumbwa ndiyo hakuyasamehe. Alifungua mkoba wake, akatoa ile nakala ya pili ya barua.

"Mayu, nikisoma mimi mtasema nimeongeza maneno. Nimemletea mwenyewe asome."

"Mama Kija, nina kizunguzungu," alisema Mayige, macho bado yamefumbwa.

"Miwani yako hii hapa."

"Tutazungumza nyumbani."

"Mama yako amesimama hapa. Msomee."

Bibi Milembe, aliyekuwa hajui kusoma lakini alimjua mwanawe, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Soma," alisema.

Mayige akavaa miwani. Alianza kwa sauti ya darasani, kwa mazoea tu, na kila mstari sauti ikashuka.

"Yahusu: kujitoa kwenye bima ya kampuni yenu. Kichwa cha habari chahusika. Kwa kuwa sasa nimeajiriwa na Serikali, na kwa kuwa hadhi yangu hainiruhusu tena kuwa mtegemezi wa mwanamke, naomba jina langu lifutwe mara moja. Nimeshauriwa na mke wangu nisubiri, lakini..." Akashusha karatasi.

"Endelea," alisema Nyanjige.

"...lakini sikuona sababu ya kusubiri. Nafanya hivi kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu."

"Mwalimu," aliita mzee wa kitanda cha pili, "rudia hapo kwenye hadhi. Sikusikia vizuri."

Nesi aliyekuwa anabadilisha dripu akageukia ukutani, mabega yakimcheza. Kija akaangalia sakafu. Bibi Milembe alikunja na kukunjua pindo la kanga yake.

"Kwa hiyo," alisema hatimaye, "hata ile yangu, ya jicho, haijawahi kuwepo?"

"Bado, mama. Fomu..."

"Nimewatangazia watu Nkololo miezi minne. Nimeomba hata msindikizaji." Akainuka. "Mama Kija, nitolee maji ninywe. Huyu mwache alale, maana anapenda kulala."

Mayige aliruhusiwa wiki iliyofuata. Mwezi wa kwanza ulikuwa mbali, na Anyes hakuwa na njia ya kumrudisha kabla ya hapo. Basi Nyanjige alinunua insulini kwa pesa zake mpaka fomu ilipokwenda, safari hii ikiwa na jina la Mayige peke yake, kama mkuu wa shule alivyosema siku ya kwanza. Kadi yake ilitoka. Ilifanya kazi vizuri. Dirishani walimpa dawa bila swali, na Nyanjige, aliyemsindikiza kwa makusudi aone kwa macho yake, alikiri kwamba ni bima nzuri. Ubaya haukuwa kwenye bima hata siku moja. Bibi Milembe aliongezwa baadaye, akafanyiwa jicho. Alipofunguliwa bandeji alimtazama mwanawe vizuri, akasema amezeeka.

Suala la mwenza ndilo lililobaki. Mwezi wa kumi na mbili, shule ilipofungwa, Mayige alimwomba mkewe waende wilayani wakasajili ndoa. Alimwomba kwa adabu, hilo lazima lisemwe. Walikwenda na mashahidi wawili, Luhende na kaka yake Nyanjige aliyekuja kutoka Kiloleli na kuwataja wale ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi zao mpaka karani akamwomba afupishe. Wakaweka sahihi. Sahihi ya Mayige safari hii ilikuwa fupi.

Nje, kwenye ngazi, Mayige alikunja cheti kwa uangalifu.

"Sasa nakuingiza kwenye kadi yangu," alisema. "Kule kiwandani unaweza kuwaambia wakutoe."

Nyanjige alimtazama kama anavyowatazama madereva wanaodai galoni kumi wakati tangi linabeba sita.

"Niingize. Ni haki yangu, sikatai. Lakini kule sitoki."

"Kadi mbili za nini, Mama Kija?"

"Siku wakikupandisha cheo utaandika barua nyingine. Mimi nataka siku hiyo niwe na pa kusimama." Akafungua mwavuli, mvua za vuli zilikuwa zimeanza kudondoka. "Na mwezi wa kwanza nakurudisha kwenye ya kampuni. Anyes ameshaniandalia karatasi. Utaandikwa mwenza."

Mayige akaingia chini ya mwavuli.

Yuko Kimali mpaka leo. Wanafunzi wanasema anafundisha vizuri. Kila mwisho wa mwezi anakuja Bariadi, anakula michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na karanga, anapimwa sukari mbele ya mkewe, na wageni wakija bado anawaambia kuhusu nyumba yake. Nyanjige humwacha amalize. Kisha humwuliza, kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie, kama amechoma sindano ya jioni, na Mayige huinuka akaenda chumbani kuichoma.